Kwa Nini Gari Haliwaki? Uchunguzi wa Injini ya Gari la Zamani

Katika miji yetu mingi yako magari ya zamani yaliyosimama nyuma ya nyumba kwa miaka, magurudumu yakiwa yamezama ardhini na kuku wakitaga mayai juu ya viti. Ukimwuliza mwenye gari sababu, mara nyingi utajibiwa kwa maneno mawili: injini imekufa. Hatua inayofuata yajulikana. Huja mnunuzi wa vyuma chakavu, gari hupimwa kwa kilo, na mtambo ambao pengine ungetembea miaka mingine ishirini hukatwa vipande. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba maneno hayo mawili husemwa mara nyingi kabla uchunguzi wowote haujafanywa, na kwamba uchunguzi wenyewe hauhitaji fizikia kupita ile inayofundishwa katika kidato cha tatu na cha nne.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404. Gari hili, ambalo wengi wetu tulizoea kulitamka "Pijo", liliundwa Ufaransa tangu mwaka 1960 hadi 1975, na umbo lake lilichorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Watu wazima wa Afrika Mashariki hawahitaji kujulishwa habari zake. Lilishinda mashindano ya Safari mara nne, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 madereva walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope na mito iliyofurika viliyashinda magari yote isipokuwa saba tu. Mara zote mbili lililotangulia kufika lilikuwa 404.

Kwa mwalimu wa fizikia gari hili lina sifa iliyo bora kuliko ushindi. Kila kitu chake huonekana. Hakuna kompyuta inayoamua kiasi cha petroli wala saa ya cheche, kama ilivyo katika magari ya siku hizi. Injini yake ya petroli iliyoenea zaidi ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1618, nayo imelazwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Kila silinda ni mkebe wa chuma unaoweza kuchomolewa peke yake, na maji ya kupozea hupita nje ya mkebe huo huo. Jambo hili la mwisho tutalirudia, maana lina faida na lina hatari.

Tuseme basi kwamba 404 moja imekaa miaka kumi na miwili bandani mjini Tanga, karibu na bahari, na mwenyewe ameamua kuifufua badala ya kuiuza. Afanye nini kwanza?

Kabla ya kugusa ufunguo

Kosa kubwa, na ambalo kwa kweli huua injini iliyokuwa hai, ni haraka. Watu huazima betri ya jirani, hufunga nyaya, hugeuza ufunguo. Lakini ndani ya silinda ile oili iliyokuwa ikilainisha kuta imekwisha kuteremka zamani, na unyevu wa pwani umeota kutu nyembamba baina ya ringi za pistoni na ukuta. Pengine valvu moja imenata katika njia yake. Stata ina nguvu na haina huruma. Itailazimisha pistoni, ringi itavunjika, au fimbo inayoisukuma valvu iliyonata itapinda. Hapo ndipo maneno "injini imekufa" yatakapokuwa kweli.

Njia ya salama ni polepole. Plagi zote nne zifunguliwe, na kila silinda itiwe kijiko kimoja cha oili nyepesi. Gari liachwe siku moja au mbili. Kisha, plagi zikiwa bado nje, injini izungushwe kwa mkono kwa hendeli, nusu mzunguko mbele, na kama inakataa isilazimishwe bali iongezwe oili na ingojewe tena. Wasomaji vijana huenda hawajapata kuona hendeli ikitumika. Zamani ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya kuwasha gari, na iliwavunja watu mikono, kwa kuwa injini ikiwaka kabla ya wakati huirudisha hendeli nyuma kwa nguvu. Kwa sababu hiyo stata ya umeme iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912 ilipokewa kwa furaha kubwa. Plagi zikiwa nje hatari hiyo haipo, na mkono wa mtu huhisi mambo ambayo stata haiwezi kuyasema: mahali pazito, mahali penye kukwaruza, mahali panapogota.

Kisha oili itazamwe. Kama katika kijiti cha kupimia imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yamechanganyika nayo. Hapa ndipo ile mikebe ya silinda inapotukumbusha habari yake. Faida yake ni kwamba silinda iliyolika hubadilishwa bila kutupa injini nzima. Hatari yake ni kwamba chini ya kila mkebe maji na oili hutenganishwa na kizibo chembamba tu, na kizibo kilichokaa kikavu miaka mingi huweza kuvuja. Injini ya namna hiyo isiwashwe mpaka ifunguliwe.

Petroli ya zamani yote imwagwe mahali pa salama, isivutwe kwa mdomo hata kidogo. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowezesha injini baridi kuwaka, huwa vya kwanza kugeuka mvuke na kutoroka. Vinavyobaki huungana na oksijeni polepole na kuwa utomvu wenye harufu ya vanishi. Mwenye kuitegemea petroli ya miaka kumi na miwili anajitafutia ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Juu ya rangi na viti nitasema neno moja tu. Wengi wanaofufua magari huanza na rangi, kwa sababu rangi huonekana na majirani. Gari lililopakwa rangi vizuri lakini haliwaki hufunguliwa tena na tena, spana hudondoka juu ya bawa jipya, na baada ya mwaka mwenyewe huchoka. Kutu ya sakafu na ya mihimili ishughulikiwe mapema, maana chumvi ya bahari haingoji mtu, mapambo yangoje.

Kugawa washukiwa

Tangu Nikolaus Otto alipotengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, mahitaji ya injini ya petroli hayajabadilika. Inataka hewa na petroli kwa uwiano ufaao, ambao ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Inataka mchanganyiko huo ubanwe. Inataka cheche, tena wakati ufaao. Na ili mambo hayo yaanze, inataka kuzungushwa kwa kasi ya kutosha.

Tuandike katika daftari vitu vyote vinavyoweza kuzuia mambo hayo: betri, vibanio vyake, stata, swichi, koili, kondensa, pointi, rota, kifuniko cha distribyuta, nyaya za plagi, plagi zenyewe, pampu ya petroli, bomba, jeti za kabureta, valvu, ringi. Ni vitu kumi na sita. Mtu anayenunua kimoja baada ya kingine huku akijaribu bahati yake, kwa wastani huenda akanunua vinane au tisa kabla ya kukutana na kile kibovu. Mwenye kuuliza swali linalowagawa washukiwa katika mafungu mawili yaliyo sawa hubaki na vinane baada ya jaribio la kwanza, vinne baada ya la pili, viwili baada ya la tatu, na kimoja baada ya la nne. Majaribio manne, wala hajanunua kitu.

Hesabu hiyo ina sharti lake: ni kweli pale tu ubovu unapokuwa mmoja. Gari lililokuwa likitembea jana likagoma leo kwa kawaida lina ubovu mmoja. Gari lililolala miaka kumi na miwili linaweza kuwa na mitatu, na kila mmoja ukauficha mwingine. Kwa hiyo mchunguzi wa gari la namna hii hapaswi kusema "si koili, nimekwisha kuibadilisha". Yampasa apime kila kiungo mpaka kithibitike kuwa kizima kikiwa kazini, na yampasa abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, aandike kilichotokea, ndipo aendelee. Tena kitu kipya si ushahidi. Kondensa mpya iliyotoka dukani leo inaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyotolewa, na ile ya zamani isitupwe kabla hiyo mpya haijathibitika.

Stata inayolia mara moja tu

Sasa oili ni mpya, injini inazunguka kwa mkono, na betri nzuri imefungwa. Ufunguo unageuzwa. Husikika mlio mmoja, "tak", kisha kimya. Au injini inazunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usiku. Taa kubwa zinawaka vizuri, honi inalia. Voltimita ikiwekwa katika betri yasema volti 12.6. Fundi mwenye haraka atasema: betri nzima, nyaya nzima, basi stata ndiyo mbovu. Kauli hiyo ina makosa, na yafaa tuyafuate kwa utulivu, kwani hapa ndipo palipo na kiini cha makala yetu.

Kanuni ya Ohm yasema volti ni mkondo mara ukinzani. Tuseme baina ya kichwa cha betri na kibanio chake pana uchafu wenye ukinzani wa omu 0.03 tu, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida ya omu haiwezi kukipima kwa uhakika. Kila kitu kikiwa kimezimwa, mkondo ni sifuri, na sifuri mara 0.03 ni sifuri. Voltimita itaonyesha 12.6 kila mahali. Taa kubwa mbili za wati 45 kila moja huvuta kama ampea 7.5; zidisha kwa 0.03, utapata volti 0.2 na kidogo. Nani ataona kwa macho kwamba taa zimepungukiwa na sehemu hiyo ndogo?

Stata ni habari nyingine. Kwa kukadiria, tuichukulie kuwa kama ukinzani wa omu 0.07, na betri yenyewe ina ukinzani wa ndani wa omu 0.014. Jumla ni 0.084, na volti 12.6 zikigawanywa kwa hizo tunapata ampea 150. Stata hupata volti 10.5, na uwezo wake ni wati 1575. Sasa tuongeze ule uchafu. Jumla inakuwa 0.114; mkondo unashuka hadi ampea 110 hivi; uchafu wenyewe unameza volti 3.3, stata inabaki na volti 7.7 na uwezo wa kama wati 850. Karibu nusu ya nguvu imepotea katika utando mweupe usiozidi unene wa ukucha, mahali ambapo dakika tano zilizopita mita ilisema hapana kasoro.

Kwa hiyo kipimo kifanywe wakati wa kazi. Waya mmoja wa voltimita uguse kichwa chenyewe cha betri, na wa pili uguse kibanio kinachokishika. Mtu mwingine ageuze ufunguo. Kiungo kizima kitaonyesha karibu na sifuri. Kikionyesha volti 1, 2 au 3, mwizi amekamatwa akiwa na mali mkononi. Kisha hatua ile ile irudiwe baina ya kichwa cha hasi na chuma cha injini, maana umeme wa stata hurudi kwa njia hiyo, na waya unaounga injini na bodi ya gari husahauliwa na karibu kila mtu. Baada ya hapo upande wa chanya, hadi stata yenyewe. Ni mpaka njia zote zithibitike ndipo stata ituhumiwe. Katika magari ya pwani, viungo vilivyoliwa na chumvi ni vingi kuliko stata zilizoungua, na kuvisafisha kunataka msasa, maji ya moto na grisi kidogo tu.

Cheche inayodanganya

Injini sasa inazunguka vizuri lakini haiwaki. Swali linalogawa ni hili: cheche ipo?

Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu, na kwamba kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka ndivyo volti zinavyokuwa nyingi. Koili ya gari ni mtoto wa ugunduzi huo. Ndani yake zipo nyaya mbili, mmoja mnene wenye mizunguko michache na mwingine mwembamba wenye mizunguko kama mara mia zaidi. Pointi zikiwa zimefungana, mkondo hupita katika waya mnene na kujenga uga wa sumaku. Pointi zikiachana, mkondo hukatika, uga huanguka ghafla, na katika waya mwembamba hutokea maelfu ya volti, kumi na tano au ishirini, yanayotafuta njia ya kurukia katika plagi.

Neno "ghafla" ndilo lenye kazi. Mkondo haupendi kukatizwa, kama vile maji yanayokwenda mbio katika bomba yasivyopenda kufungiwa, na ndiyo sababu bomba hugonga ukifunga mfereji kwa haraka. Pasipokuwa na kondensa, mkondo huendelea kuruka baina ya pointi zinazoachana, pointi zikaungua, na uga ukaanguka polepole. Cheche katika plagi huwa dhaifu au haitokei. Kondensa huupa mkondo mahali pa kuingia kwa muda mfupi sana, hata pointi zikawa mbali kiasi cha kutorukika. Kitu hicho kidogo cha bei ndogo huweza kuligomesha gari zima. Dalili yake ni pointi zenye rangi ya buluu na mashimo. Nafasi ya pointi katika injini za aina hii ni kama milimita 0.4, nazo baada ya miaka ya kulala huwa na utando usioonekana. Zisuguliwe kwa msasa laini, kisha zifutwe kwa karatasi safi.

Msomaji ataona kwamba ule uchafu wa betri una mkono mrefu. Koili yenye ukinzani wa omu 3 ikipata volti 10.5 hupitisha ampea 3.5, ikipata 7.7 hupitisha ampea 2.6 tu. Nishati inayowekwa katika uga wa sumaku ni nusu ya kiwango cha koili katika henri mara mraba wa mkondo. Kwa koili ya henri 0.008 tunapata jouli 0.049 katika hali ya kwanza na 0.026 katika ya pili. Betri iliyonyang'anywa volti haifanyi injini izunguke polepole tu, huipunguzia na cheche karibu nusu, na mtu atabadilisha plagi nne bila faida.

Cheche nayo hudanganya kwa njia yake. Ukiitoa plagi, ukaiegemeza juu ya chuma cha injini na kuzungusha stata, utaona cheche na kuridhika. Lakini ndani ya silinda hewa imebanwa mara saba au nane, na katika hewa iliyobanwa volti zinazohitajika ili cheche iruke huwa nyingi zaidi. Iliyoruka kwa urahisi mkononi huenda isiruke ndani. Kipimo cha haki ni kuushika waya wa plagi kwa koleo yenye kihami cha kutosha, ncha yake ikiwa milimita 5 au 6 mbali na chuma. Cheche nzima huruka nafasi hiyo ikiwa ya buluu na yenye mlio mkali. Jaribio hili lisifanywe kamwe penye harufu ya petroli wala karibu na matundu ya plagi yaliyo wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; huteremka, hutambaa sakafuni, na huifuata cheche mahali ambapo hukuutegemea.

Petroli, na ushauri juu ya jeti

Cheche ikithibitika, plagi itolewe baada ya kuzungusha stata kwa sekunde kumi hivi, itazamwe na kunuswa. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, pengine kupita kiasi, na injini imezama. Ikaushwe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho bila choki, na ijaribiwe tena.

Kwa plagi kavu, kijiko cha chai cha petroli safi kimiminwe katika koo la kabureta, chujio la hewa lirudishwe mahali pake kwanza, ndipo ufunguo ugeuzwe. Wasiorudisha chujio wamepoteza nyusi, na wengine magari. Injini ikishika kwa sekunde mbili kisha ikazimika, tumejifunza mengi: cheche ni nzima, mbano upo, saa ni sahihi, na ubovu u katika njia ya petroli peke yake. Bomba lifunguliwe kwenye kabureta na liingizwe katika chupa. Stata ikizunguka, pampu iteme petroli kwa mapigo. Isipotema, utando wa mpira wa pampu umekauka au bomba limeziba. Ikitema, utomvu umo katika kabureta.

Jeti za kabureta zisafishwe kwa kiyeyushi na upepo wa pampu. Mafundi wa chini ya mwembe, ambao kwa mengine nawaheshimu sana, wana mazoea ya kuchokonoa jeti kwa waya. Tundu lenye kipenyo cha milimita 1.3 likipanuliwa hadi 1.4 macho hayataona kitu, lakini eneo la tundu hufuata mraba wa kipenyo, na petroli inayoweza kupita imeongezeka kwa asilimia kama 16. Gari litawaka, litakula mafuta na litatoa moshi mweusi, na hakuna atakayekumbuka ule waya.

Saa ya injini

Kuna hali moja inayowakatisha tamaa hata wenye subira. Cheche nzuri ipo, petroli ipo, mbano upo, na bado injini haiwaki, au hupiga mlipuko katika kabureta. Kila kimoja ni kizima peke yake. Kasoro ni katika kukutana kwao.

Katika injini ya mapigo manne krenki huzunguka mara mbili wakati shafti ya distribyuta inazunguka mara moja. Pistoni ya silinda ya kwanza basi hufika juu mara mbili katika kila duru: mara moja ikibana mchanganyiko, na mara moja ikifukuza moshi. Alama katika krenki haiwezi kueleza ni ipi kati ya hizo mbili. Distribyuta ikirudishwa kwa kufuata alama hiyo peke yake, yaweza kupishana nusu mzunguko, na cheche ikaja wakati moshi unatolewa. Dawa ni kidole gumba. Kizibe tundu la plagi ya silinda ya kwanza, mtu mwingine azungushe hendeli. Upepo unapokisukuma kidole nje, pistoni inapanda katika kubana. Hapo ndipo rota ielekee kwenye waya wa silinda ya kwanza, na nyaya nyingine zifuate zamu ya 1, 3, 4, 2. Kidole hicho hicho kinatueleza pia kama silinda ina mbano, ingawa si kwa takwimu. Silinda moja isiyosukuma kitu kati ya nne huenda ina valvu isiyofunga.

Kwa habari ya valvu, ipo tofauti moja kati ya petroli iliyotumiwa na 404 zilipokuwa mpya na hii tuinunuayo sasa. Zamani petroli ilitiwa risasi, ambayo pamoja na kudhuru afya, hasa ya watoto, iliacha utando uliolinda makalio ya valvu za moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Injini ya zamani ikiendeshwa kwa nguvu na kwa safari ndefu, makalio laini yanaweza kulika, valvu ikazama, na nafasi ya tapeti ikapungua hadi valvu isifunge kabisa. Nafasi hiyo ipimwe mara kwa mara katika mwaka wa kwanza. Hakuna mwenye akili atakayeitamani tena ile risasi.

Injini ikishika, isipandishwe mwendo. Taa ya oili izimike katika sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe mara moja. Na gari lisitoke bandani kabla ya breki kufunguliwa: mafuta ya breki hunyonya unyevu, mipira hukauka, na vumbi la breki za miaka ile huwa na asbesto, kwa hiyo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa na lisipulizwe.

Jaribio la darasani

Shule isiyokuwa na gari inaweza kuuonyesha ule ugonjwa wa betri juu ya meza. Zinahitajika betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 10, balbu ndogo ya wati 5, balbu ya taa kubwa ya wati 55, voltimita, na mita 6 za waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 0.5, ambao una ukinzani wa kama omu 0.2. Waya huo mrefu ndio utakaokuwa "uchafu". Uungwe katika mfululizo pamoja na fyuzi na balbu, na voltimita iwekwe katika ncha zake mbili. Wanafunzi wasome volti mara tatu: swichi ikiwa imefunguliwa, balbu ndogo ikiwaka, na balbu kubwa ikiwaka. Kabla ya kufunga swichi waandike kwanza wanachotarajia. Kwa hesabu, majibu ni sifuri, kama volti 0.08, na kama volti 0.9. Kisha waambiwe kwamba katika meza hiyo hiyo kuna stata inayovuta ampea 110, na waulizwe urefu gani wa waya huo ungetosha kumeza volti 3.3.